Mhariri, magari ya zamani yasikatwe kabla hayajatambuliwa

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Uyole hapa Mbeya, baridi imeanza kuuma kweli kweli. Mimi ni fundi makanika, nina gereji ndogo, na hii kazi naifanya tangu nikiwa kijana wa kushikia watu spana. Sijawahi kuandikia gazeti hata siku moja ila hili jambo limenikaa rohoni wiki tatu sasa, nimeona niliseme mapema maana lina siku zake na siku zenyewe zinaisha. Naandika kwenye simu usiku kwa hiyo ikiwa ndefu mnivumilie.

Nilienda yadi moja ya skrepa huku upande wa Iyunga kutafuta springi za nyuma za Canter ya mteja wangu. Yadi yenyewe ni kama yadi zote, mizani kubwa getini, marundo ya mabati, vijana wawili na mitungi yao ya gesi wanakata. Sasa kule nyuma kabisa karibu na ukuta nikakuta mzigo umeshushwa juzi yake, wakaniambia umetoka kwenye karakana moja ya zamani iliyouzwa kwa mnada, kila kitu kwa mkupuo. Magari matano. Nikamuuliza kijana ni magari gani akanijibu, "Hizo fundi ni Pijo mbili, Landrova wani-o-naini mbovu, kobe moja na lori la Mchina." Nikasogea nikaangalia. Katika yale matano alikuwa amepatia mawili tu, Pijo moja na ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, hayo mengine matatu yote yalikuwa yanaenda kukatwa kwa jina lisilo lake.

Simlaumu yule kijana hata kidogo, yeye analipwa kwa kukata na amezaliwa hayo magari yameshaondoka barabarani. Nilichojiuliza ni sisi wengine tulikuwa wapi.

Naanza na Land Rover kwa sababu ndo ilikuwa ya kwanza kwenye foleni. Watu wa skrepa wanazipenda Land Rover za zamani, bodi yake ni aluminiamu. Zilipotoka mwaka 1948 kule Uingereza chuma kilikuwa bado cha mgao kwa sababu ya vita, ndo wakazivika aluminiamu juu ya chesesi ya chuma, na aluminiamu kwenye mizani inalipa kuliko chuma. Kwa hiyo unakuta gari imekaa nje miaka arobaini bodi haijaoza popote halafu kwa sababu hiyo hiyo inakatwa kabla ya zingine.

Mimi kilichonishtua ni taa. Kwenye 109 tulizozizoea, zile za hospitali na za misheni tulizopanda tukiwa watoto, nyingi taa ziko kwenye madigadi. Hii taa zake ziko katikati kwenye shoo, yaani grili ya mbele, zimekaribiana kama macho. Lakini hiyo peke yake haitoshi kukupa jibu, hata Series II na IIA, matoleo ya Land Rover yaliyofuata, nyingi taa zao ziko katikati, zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60. Nikaangalia ubavuni. Kuanzia Series II ya mwaka 1958 bodi ina tumbo, ubavuni inajitokeza kwa nje halafu inarudi, ukipitisha kiganja unaisikia. Hii ubavu umenyooka kama sanduku la shule. Hapo nikaomba tepu kwa mmoja wa wale vijana, nikapima kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma nikapata sentimita 218 na kidogo. Nikarudia upande wa pili, ni zile zile. Hizo ni inchi 86. Wengi tunatamka wani-o-naini kila siku bila kujua kwamba 109 ni inchi za kipimo hicho hicho, na inchi 109 ingenipa sentimita 277. Za inchi 86 ni Series I, toleo la kwanza, zilitengenezwa kati ya 1953 na 1956 basi, kisha zikaja za inchi 88.

Sasa hapa niseme nilipokosea ili na wengine wasikosee hivyo hivyo. Kabla sijapima nilishatangaza pale mbele ya watu kwamba gari ni ya mwaka 1963, kwa sababu niliona dinamo ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya umeme wa magari, na vifaa vyake vya wakati ule huwa vimegongwa mwezi na mwaka kwenye chuma chenyewe, ukisugua unaona namba ndogo ya mwezi halafu tarakimu mbili za mwaka. Ilisema 63 na mimi nikaamini. Kumbe dinamo ilibadilishwa na fundi mwenzangu wa zamani, na boneti nayo ilikuwa ya gari nyingine kabisa, matobo ya bawaba yalikuwa yametobolewa upya. Gari ya huku kwetu imefungwa spea za magari matatu manne, kila spea inakwambia umri wake yenyewe. Ndo maana lazima urudi kwenye chesesi.

Kibati cha namba ndani ya kebini hakikuwepo, yamebaki matobo manne ya riveti. Nikarudi kesho yake na brashi ya waya, mafuta ya taa na tochi, nikalala chini upande wa kushoto pale kwenye chuma kinachobeba injini, kulikuwa na grisi na udongo umeshikana mgumu kama saruji. Nilisugua karibu saa nzima. Ikaanza kutoka tarakimu moja, 4, ikafuata 7. Kwenye Land Rover za miaka hiyo tarakimu ya kwanza ndo mwaka, na 4 ni 1954, na hiyo 7 inakwenda na zile za inchi 86. Basi nikabaki nimelala pale chini. 1954 ndo mwaka TANU ilipozaliwa, Julai 7, na hii gari inawezekana ilishakuwa inatembea hizi barabara za vumbi za Nyanda za Juu wakati watu wanagawiwa kadi za kwanza. Nilipopiga msasa kidogo kwenye kona ya mlango rangi zikatoka moja baada ya nyingine, nyeupe, bluu, kijivu, na chini kabisa kijani.

Hizo Pijo mbili nazo zina habari yake. Moja ni 404 kweli. Nyingine kila mtu pale yadi aliapa ni 404 kwa sababu ina mapezi nyuma, ina umbo lile lile, taa zile zile za kusimama kwa nyuma, na nembo zote zilishang'olewa. Hawakuwa wanasema uongo, macho yao yalikuwa sawa kabisa, maana zote mbili zilichorwa na watu wale wale, Pininfarina wa Italia, waliwachorea Wafaransa 404 na wakawachorea Waingereza Austin Cambridge na Morris Oxford, na hata injini zimekaribiana, za kama lita moja nukta sita hivi. Ukisimama mbali huwezi kuzitenganisha. Lakini ingia chini. Pijo 404 shafti yake ya kuzungusha magurudumu ya nyuma haionekani, iko ndani ya bomba mpaka kwenye difu, na nyuma ina springi za kuzunguka. Ile nyingine shafti iko wazi inaonekana na nyuma ina springi za majani kama kibasi. Halafu ukifungua boneti injini ya 404 imelala upande, hivi imeinama digrii 45, ya Mwingereza imesimama. Yule kijana wa kukata nilipomwonyesha alirudi chini ya gari mwenyewe mara mbili kuhakikisha, akaniuliza "kwa hiyo fundi hii ni nini sasa?" nikamwambia ni Austin au Morris, zile ni pacha, tutajua tukipata namba. Tangu siku hiyo kila nikienda ananiita nikaangalie kitu.

Pijo niseme tu kidogo kwa wadogo zetu ambao hawajui: 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Ndo gari baba zetu walikuwa wanasimama barabarani kuitazama. Hiyo Volkswagen sina mengi, kioo chake cha nyuma ni cha pembe nne kwa hiyo ni ya baada ya katikati ya 1957, zile za kabla ya hapo kioo ni kama yai, na za kabla ya 1953 kioo kimegawanyika mara mbili. Iliyopo imebaki ganda.

Sasa lori.

Waliita lori la Mchina kwa sababu tuko karibu na stesheni ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia waliyoijenga Wachina, na kila chuma kikubwa kilichozeeka hapa watu wanadhani kilikuja na reli. Wachina walikuja na malori kweli, lakini lori lao, Jiefang, lina pua ndefu, injini iko mbele ya dereva, na ubavuni mwa boneti limegongwa herufi zao mbili kubwa. Hili halina pua. Uso wake uko bapa, na katikati ya uso kuna pambo limechongwa kwenye bati linashuka kushoto na kulia kama masharubu. Mimi nilihisi ni Mtaliano lakini nisingeapa. Nikakumbuka pale mtaani kwetu kuna mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori ya Zambia zamani, nikamfuata jioni nikamsalimia, "Shikamoo baba," akaitika "Marahaba mwanangu," nikamweleza. Hakuniuliza swali, alichukua kofia yake tukaondoka siku ile ile.

Alipofika hakwenda mlangoni, alikwenda mbele. Akaomba kijiti, akaanza kufuta vumbi pole pole juu ya yale masharubu mpaka yakatokea matobo madogo ya kushikia herufi, akawa anahesabu kwa kidole, haya ya kwanza, haya ya pili, ya tatu, ya nne. Herufi nne. Akageuka akasema "Fiat. Sita nane mbili." Halafu akanyamaza muda mrefu kidogo. Tukamsaidia kupanda kebini, mguu wake ukaenda wenyewe kutafuta klachi, pedeli haipo imeshang'olewa lakini mguu ulikwenda pale pale ilipokuwa.

Watu wa rika langu tulisoma shuleni kwamba tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ila hatukuambiwa vizuri kilichotokea hapa barabarani kwetu. Zambia ilikuwa inapata mafuta kupitia kusini, njia ikafungwa, ikabidi petroli ishushwe Dar es Salaam ipande huku, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, ndo ivuke. Mwanzoni ilikuwa kwenye mapipa. Ndo ikaanzishwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services na yakaja hayo malori ya Fiat 682 na matela yake, injini ya dizeli silinda sita zaidi ya lita kumi, Wataliano wenyewe waliyapa jina la mfalme wa Afrika. Lami sehemu kubwa hakuna. Wazungu barabara hii walikuwa wanaiita ya jehanamu kwa ajali zake. Kwenda ni mafuta, kurudi ni shaba. Bomba la mafuta la TAZAMA la kwenda Zambia lilianza kazi 1968, reli ikajengwa kuanzia 1970 mpaka 1975, lami nayo ikaja, lakini katikati hapo nchi nzima ya jirani ilibebwa na chuma cha aina hii na madereva wa aina ya huyu mzee. Mimi nimepita pale Mafiati hapa mjini Mbeya maelfu ya mara na tangu siku hiyo nikilisikia tu hilo jina nasikia mafiati hayo hayo.

Mzee alikaa kwenye ile kebini akawa anaongea na sisi tumesimama chini, mpaka vijana wa gesi wakazima moto wakaja kusikiliza. Alisema mlima wa Kitonga unashuka na gia hushuki na breki, ukikanyaga breki toka juu ukifika katikati huna kitu. Alisema masika Igawa na Chimala mlikuwa mnalala hapo hapo barabarani, malori yamepangana, mnachangiana unga, wa mbele akichimbuliwa na wewe unasogea. Akaonyesha pale nyuma ya siti walipokuwa wanalala zamu. Kuna kitu aliniambia sikukijua na ufundi wangu wote, alisema kwenye haya malori ukitaka kujua limefanya Zambia au limefanya mashambani angalia chesesi pale juu ya ekseli ya nyuma, la Zambia limeongezewa bati la kuimarisha na mafundi wa huku kwa sababu ya uzito na makorongo. Tukaenda kuangalia. Bati lipo, limechomelewa kwa mkono, mashoni yake manene ya zamani.

Mhariri, ningeomba uchapishe haya mambo yafuatayo kama nafasi ipo.

Wenye yadi za skrepa, sisemi msikate, hiyo ni riziki yenu na vijana wanalisha familia. Nasema ikishuka gari usiyoielewa, yenye taa za ajabu au nembo ya ajabu au namba ya pleti ya zamani, ipige picha nne, mbele, nyuma, ubavu na ndani, na kama unaweza sugua namba ya chesesi uipige picha nayo. Halafu ipe siku saba. Hata kibiashara ni faida kwako, kuna watu wanazunguka huku wanajua kabisa wanachokitafuta, wananunua Series I kwako kwa bei ya kilo, na wewe umepata pesa ya aluminiamu tu. Na namba ya chesesi inakulinda pia siku akija mtu na kadi anasema gari ni yake.

Wanaouza kwa mnada, ofisi za umma na mashirika na misheni, tangazo la mzigo huu lilisema "magari chakavu matano na vyuma mbalimbali", hakuna modeli, hakuna mwaka, hakuna namba. Mtu kukaa nusu siku na daftari kabla ya mnada ingetosha. Na humo kwenye stoo za karakana zenu kuna vitabu vya gari, logi za safari, vitabu vya spea, hivyo navyo huwa vinachomwa moto siku ya kusafisha. Mimi ningevitaka hivyo kuliko hata magari, kwa sababu gari bila karatasi unaweza kujua ilitengenezwa lini ila huwezi kujua ilifanya kazi gani na nani aliiendesha.

Pale Iringa tuna makumbusho kwenye lile Boma la Mjerumani, nimeingia na watoto wangu, wanafanya kazi nzuri sana ya historia ya Nyanda za Juu Kusini. Lakini historia ya barabara hii kuu inayopita hapo chini yao bado iko kwenye vichwa vya wazee na kwenye mayadi. Lori moja likisimama pale uwanjani mtoto wa shule angeuliza lenyewe ni la nini na angeambiwa.

Na wazee wetu madereva, matanboi, mafundi wa karakana za zamani, mlioko Makambako, Mafinga, Njombe, Tukuyu, Tunduma, kama mna picha mmesimama na gari, hata kama imechakaa, geuzeni nyuma muone kama kuna tarehe, mpeni mjukuu aipige kwa simu ailete kwa gazeti hili. Picha ya zamani inasaidia kutambua gari kuliko unavyodhani, mimi shoo ya ile Austin au Morris nikiiona kwenye picha ya harusi ya mtu nitaijua saa hiyo hiyo ni ipi, maana tofauti yao kubwa iko kwenye shoo na shoo haipo. Gazeti likitenga kona ndogo tu, picha moja kwa wiki na swali hii ni gari gani, nina hakika majibu yatajaa.

Mwenye yadi amekuwa muungwana, nimeongea naye mara tatu na amenikubalia mpaka tarehe 30 mwezi huu. Land Rover nimeshailipia nusu kwa bei ile ile ya kilo ambayo angeipata kiwandani, nyingine namalizia nikilipwa kazi ya Canter. Austin kuna kijana wa Mbalizi ameonyesha nia. Tatizo ni Fiat. Sina uwezo nalo, uzito wake kwenye mizani ni pesa nyingi na gereji yangu haina hata pa kuligeuzia. Namba yake ya chesesi bado hatujaisoma kwa sababu mbele limekaa chini kwenye udongo, panahitajika winchi walinyanyue kama futi mbili hivi. Mwenye winchi, au mwenye uwanja, au taasisi yoyote inayoweza kulichukua, aache ujumbe ofisini kwenu nami nitapita kuuliza kila Jumatatu. Yule mzee ameniomba siku hiyo ya kulinyanyua nimpitie na bodaboda asubuhi mapema, anasema namba ataisoma mwenyewe.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa Uyole, Mbeya